Waliopunguza Tumbo Hawajakwepa Kazi

Siku hizi ipo hukumu inayotolewa bila hata kufikiriwa: saluni, vibarazani, kwenye vikao vya harusi, na wakati mwingine kwenye korido za hospitali zenyewe. Mtu mnene akipungua kwa kukimbia alfajiri na kuacha wali, anasifiwa kwamba ana nia. Akipungua kwa upasuaji, watu wanabetua midomo. "Huyo kakata tumbo," wanaambizana kwa sauti ya chini, kana kwamba kafumaniwa. Wenzake wametoka jasho; yeye katoa pesa, kalala, kaamka mwembamba. Kapita njia ya mkato.

Naipinga hukumu hiyo kuanzia msingi wake. Inawadhalilisha watu, na hilo peke yake lingetosha kuikataa. Lakini ina kosa kubwa zaidi: inasema uongo kuhusu upasuaji wenyewe, na uongo huo unalipwa kwa damu, mifupa na mishipa ya fahamu. Anayeamini kwamba tumbo likishapunguzwa kazi imekwisha, haoni sababu ya kumeza vitamini mwaka wa tano. Mumewe haoni sababu ya kutenga fedha za vipimo. Tabibu wa zahanati haoni sababu ya kuuliza. Na hospitali inayouza huduma hiyo haioni sababu ya kumtafuta mgonjwa ikishapokea malipo yake. Wote hao wanaishi ndani ya imani moja, na anayeumia ni mmoja tu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana mambo matatu huchanganywa kila siku. Kufyonza mafuta chini ya ngozi ni urembo wa umbo. Hakutibu unene wala kisukari. Puto, ambalo Watanzania wengi walilisikia Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilipoanza kutoa huduma hiyo, huingizwa tumboni kupitia mdomoni na kutolewa baada ya miezi; halikati kitu. Ninaouzungumzia hapa ni upasuaji, na aina zake zinazofanywa zaidi ni mbili. Katika aina ya kwanza daktari huondoa robo tatu ya tumbo au zaidi, akabakiza mrija wenye ukubwa wa ndizi. Kilichoondolewa hakirudi. Katika aina ya pili hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, cha takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha hukiunganisha na utumbo mwembamba kwa chini, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Aina hii ya pili ilianzishwa na Edward Mason katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, miaka ya 1960. Si fasheni ya mitandao. Ina zaidi ya nusu karne, na yanajulikana mengi kuhusu watu walioishi nayo miongo kwa miongo.

Hoja ya kwanza ya wanaohukumu ni hii: angefunga mdomo, angepungua. Kwa mwenye kilo chache za ziada, inawezekana. Kwa mwenye unene mkubwa wa miaka mingi, mwili wenyewe hugoma. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na wenzake walichapisha matokeo ya washiriki 14 wa shindano la televisheni liitwalo The Biggest Loser, miaka sita baada ya shindano kwisha. Watu hao walikuwa wamepungua kwa mazoezi makali na kujinyima mbele ya mamilioni ya watazamaji. Miaka sita baadaye karibu wote walikuwa wamerudisha uzito, na miili yao, hata ikiwa imetulia, ilikuwa ikiunguza takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotazamiwa kwa watu wa ukubwa wao. Kalori 500 ni mlo kamili. Mwili ulikuwa bado unaweka akiba, miaka sita baada ya njaa. Nani atasimama aseme hao walikosa nia?

Njaa nayo ina kiwanda chake. Ghrelini, homoni inayoamsha njaa, iligunduliwa na watafiti wa Kijapani mwaka 1999. Mtu akipungua kwa kujinyima, homoni hiyo hupanda, na njaa humsumbua hata usiku. Sehemu ya tumbo inayoitengeneza kwa wingi ndiyo ile inayoondolewa katika upasuaji wa mrija. Ule wa kuunganisha utumbo hubadili homoni nyingine zinazoleta shibe na kusimamia sukari mwilini, ndiyo maana kwa wagonjwa wengi sukari huanza kushuka siku chache tu baada ya upasuaji, kabla hata uzito haujapungua kwa maana. Huko ni kutibu maradhi mahali yalipo. Mwenye presha akimeza vidonge hakuna anayemwambia amekwepa kazi ya kuacha chumvi. Aliyejinyima miaka kumi na tano, akapungua na kunenepa tena mara zisizo na idadi, kisha akaenda kwa daktari, kwa nini yeye tu ndiye alaumiwe kwa kutafuta tiba?

Hata hivyo, sitaki kuishia hapo, kwa sababu utetezi wa kusema "ni ugonjwa, wamsamehe" unawapunja hawa watu. Hawahitaji kusamehewa. Ukitaka kujua kama wamekwepa kazi, kaa nao mezani.

Dada yangu mkubwa alifanyiwa upasuaji wa kuunganisha utumbo nchini India, ambako Watanzania wengi wamezoea kwenda kwa matibabu makubwa. Sasa ni miaka mingi imepita. Sahani yake ni kisahani cha kikombe. Anaanza na samaki au yai, mboga inafuata, ugali unakuja mwisho, na ni tonge mbili tu. Kila tonge analitafuna hadi liwe uji. Maji hagusi wakati wa kula. Anasubiri nusu saa ndipo anywe, tena kwa mafunda madogo, na katika joto la Dar es Salaam hiyo maana yake ni kutembea na chupa kutwa nzima. Akisahau akaharakisha tonge moja, linamkwama kifuani, machozi yanamtoka, anainuka mezani kimya. Wakati huohuo mwili wake unahitaji protini gramu 60 kwa siku au zaidi, asije akapoteza misuli. Yai moja lina gramu sita hivi. Basi kila siku inayopambazuka anapanga namna ya kuingiza protini ya mayai kumi, kutoka kwenye dagaa, maharage, mtindi na samaki, katika tumbo linaloshiba kwa vijiko vichache. Huo ndio uvivu wanaousema.

Kisha vidonge. Vitamini ya mchanganyiko asubuhi. Madini ya chuma peke yake, mbali na chai, kwa sababu chai huzuia chuma kufyonzwa. Na anayejua nyumba zetu zinavyoendeshwa na chai ataelewa kwamba hilo si sharti dogo. Kalsiamu kwa mafungu, saa mbili au zaidi mbali na chuma, kwa sababu vikikutana tumboni vinazuiliana. Vitamini D. Sindano ya vitamini B12. Akiumwa kichwa au mgongo, haendi duka la dawa kununua diklofenaki kama sisi wengine. Dawa za kundi hilo, zikiwemo ibuprofeni na aspirini, zinaweza kumchimba kidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo. Anaomba parasetamoli. Kijana wa dukani anamwambia, "Mama, chukua hii, ndiyo inayokata maumivu," na yeye anaanza upya kumweleza mtu baki, mbele ya foleni, habari za tumbo lake. Akinywa glasi ya juisi ya miwa ambayo mwenyeji kamkaribishia kwa mapenzi, ndani ya nusu saa jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, tumbo linamkata. Wengine hupatwa na la pili: saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu inaporomoka, mikono inatetemeka, kichwa kinakuwa chepesi.

Hayo ni ya kila siku. Yapo yanayokuja kwa kuchelewa, na hayo ndiyo yanayonifanya niseme imani ya mkato ina hatari. Ini la binadamu huhifadhi vitamini B12 ya kutosha miaka kadhaa. Kwa hiyo aliyefanyiwa upasuaji anaweza kuacha sindano na asione lolote mwaka wa kwanza, wala wa pili. Anajisikia mzima, nguo zinamkaa vizuri, watu wanamsifu. Mwaka wa nne miguu inaanza kufa ganzi. Na huku kwetu ganzi ina majibu tayari: ni kisukari, ni umri, ni mkono wa mtu. Anazungushwa kwa miezi, na hakuna anayemuuliza kama aliwahi kukatwa tumbo, kwa sababu hilo lilishakwisha, si ndiyo? Mishipa ya fahamu ikikaa muda mrefu bila vitamini hiyo, sindano zitakazofuata huenda zisirudishe yote yaliyopotea.

Upungufu wa damu ni hivyo hivyo. Mwanamke anayepata hedhi na ambaye chakula chake kinaruka sehemu ya utumbo inayofyonza chuma zaidi, yumo hatarini miaka yote, si miezi ya mwanzo tu. Mifupa hupoteza madini polepole, bila maumivu, hadi siku ya kuanguka bafuni. Kupungua haraka huleta mawe kwenye mfuko wa nyongo. Upasuaji wa mrija huwaachia baadhi ya watu kiungulia kikali cha kudumu. Utumbo uliopangwa upya unaweza, hata baada ya miaka, kupenya kwenye nafasi ndani ya tumbo na kujisokota. Maumivu yake huja na kuondoka, na daktari asiyejua historia huandika dawa ya vidonda vya tumbo na kumrudisha mgonjwa nyumbani, ilhali pale ndipo anapohitaji kufunguliwa haraka. Mgonjwa anayetapika mfululizo wiki za mwanzo anaweza kuishiwa vitamini B1 kiasi cha kuharibika ubongo. Akifika mapokezi ya dharura akatundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa vitamini hiyo, hali inaweza kuwa mbaya zaidi kwa mkono wa anayemwokoa.

Uzazi nao unastahili kutajwa peke yake. Wanawake wengi waliohangaika kupata mimba wakiwa wanene hujikuta wanashika mimba upesi baada ya kupungua. Ni furaha, lakini inatakiwa kungoja: ushauri wa kitabibu ni kuahirisha mimba kwa miezi 12 hadi 18, uzito utulie na mwili ujaze akiba yake, la sivyo mama na mtoto wanagawana upungufu. Na akienda kliniki ya wajawazito, kile kipimo cha kunywa maji ya sukari ili kutafuta kisukari cha mimba kinaweza kumwangusha pale pale kwenye benchi kama tumbo lake liliunganishwa na utumbo. Iko njia nyingine ya kupima, kwa kufuatilia sukari kwa siku kadhaa. Nesi atachagua njia hiyo ikiwa tu amejua. Na atajua ikiwa mama hakuficha. Na kwa nini mama anaficha? Kwa sababu ya ile midomo inayobetuliwa.

Hapa ndipo hukumu inapofanya kazi yake mbaya zaidi. Mtu aliyeambiwa kwamba amedanganya kupungua, anaanza kuishi kama mdanganyifu. Hasemi kazini. Hasemi ukweni. Wengine hawasemi hata kwa daktari mpya. Harusini anapakuliwa sinia la pilau na nyama ya mbuzi, anachokoa vijiko vitatu, na mama mwenye shughuli anamjia: "Wifi, mbona huli? Au pilau letu halijakukolea?" Kwetu kukataa chakula ni kumkataa mwenye nyumba. Angeweza kusema kweli kwa sentensi moja, na wifi yake akamfungia mfuko wa kwenda nao nyumbani. Badala yake anasema amefunga, au tumbo limechafuka, au analazimisha na kwenda kutapika.

Na mitaani mwake wanaoona amekonda haraka wana tafsiri yao ya zamani. Wanamhesabu mgonjwa. Kwa miaka mingi unene wetu ulisomwa kuwa ni raha, pesa na mume anayejali, na kukonda kukasomwa kuwa ni ule ugonjwa ambao watu hawautaji kwa jina. Basi huyu mtu amebanwa pande mbili: akinyamaza anazushiwa maradhi, akisema anaitwa mvivu. Jamii ambayo tayari ina wanawake wengi wenye uzito uliozidi, 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015-16, haina haki ya kuwafungia milango yote miwili.

Sasa nijibu hoja yao iliyo nzito, maana ipo. Wanasema: mbona uzito unarudi? Wanamtaja Diego Maradona, aliyepunguzwa tumbo Cartagena, Kolombia, mwaka 2005, akapungua dunia nzima ikashangaa, na miaka kumi baadaye akarudi tena kwenye upasuaji, safari hiyo Venezuela. Kama unarudi, wanasema, upasuaji ulikuwa wa nini?

Uzito hurudi, ndiyo, kwa sehemu. Uswidi ilianza mwaka 1987 kuwafuatilia zaidi ya watu 4,000 wenye unene mkubwa, nusu yao waliofanyiwa upasuaji na nusu waliopata huduma ya kawaida. Waliofanyiwa upasuaji walikuwa wamepungua asilimia 23 ya uzito wao baada ya miaka 2, na asilimia 18 hivi baada ya miaka 20. Wenzao wasiofanyiwa hawakupungua kwa maana yoyote. Kisukari kiliwatoka asilimia 72 ya waliokuwa nacho, kwa kipimo cha mwaka wa 2. Mwaka wa 15 waliobaki bila kisukari walikuwa asilimia 30. Soma takwimu hizo kwa utulivu. Zinasema upasuaji unafanya kazi hata baada ya miongo miwili. Zinasema pia kwamba unene na kisukari ni maradhi ya kudumu, yanarejea, na yanataka kulindwa mlango mwaka baada ya mwaka. Anayesoma nusu ya kwanza tu anauza ndoto. Anayesoma nusu ya pili tu anawanyima watu tiba.

Utafiti wa Utah, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, unalisema jambo hili kwa ukali zaidi. Waliounganishwa utumbo walikuwa na vifo vichache kwa asilimia 40 kuliko watu wanene waliofanana nao wasiofanyiwa upasuaji. Vifo vya kisukari vilipungua kwa asilimia 92. Lakini vifo visivyotokana na maradhi, yaani ajali, kujiua na mfano wake, vilikuwa juu kwa asilimia 58. Watu walipona moyo na kisukari, na baadhi yao wakapotea kwa majonzi ambayo hakuna aliyewauliza. Pombe nayo baada ya upasuaji huingia kwenye damu haraka na kwa nguvu zaidi, na uchunguzi wa Marekani uliwakuta wengi zaidi wakiwa na tatizo la ulevi kufikia mwaka wa pili baada ya kuunganishwa utumbo kuliko kabla yake. Mtu aliyekuwa akijituliza kwa chakula na sasa chakula hakiingii, atajituliza kwa nini? Swali hilo halina kisu cha kulijibu. Linataka mshauri, kundi la wenzake, na familia isiyomcheka.

Nasema basi kwamba hoja ya uzito kurudi inawageukia wenyewe walioitoa. Ingekuwa kweli upasuaji ni njia ya mkato, usingehitaji ulinzi wa miaka ishirini. Unahitaji, kwa sababu ni mwanzo wa matibabu. Wanaofanikiwa ni wanaoendelea kufanya kazi, na wanaoshindwa mara nyingi ni walioachwa wafanye kazi hiyo peke yao.

Na wa kuwaacha peke yao hawakosekani. Matangazo ya huduma hii yana picha mbili: kabla na baada. Picha ya baada hupigwa mwaka wa kwanza au wa pili, uzito ukiwa chini kabisa, kisha kamera inafungwa. Mwaka wa saba hauna tangazo. Bei inayotajwa ni ya upasuaji na vitanda vya wodi. Bei ya vitamini, sindano na vipimo vya kila mwaka haitajwi, ingawa ni ya maisha yote. Dada yangu alirudi na karatasi moja ya kuruhusiwa wodini na vidonge vya mwezi mmoja. Hakuna aliyempigia simu tena. Miaka miwili ilipita kabla hajampata daktari aliyemwambia kwamba damu yake ilipaswa kupimwa tangu miezi ya mwanzo.

Wanaovuka mipaka kufuata bei nafuu wako kwenye hatari hiyohiyo, tena zaidi. Mapema mwaka 2023 makumi ya watu kutoka Ujerumani, Austria, Uswisi na Ufaransa waliugua kwa sumu ya botulini baada ya kuchomwa sindano za tumbo za kupunguza uzito Istanbul na Izmir, Uturuki. Ule haukuwa upasuaji, lakini somo ni lilelile: walianza kudhoofika wakiwa wamesharudi makwao, mikononi mwa madaktari ambao hawakuwa wamewagusa. Tiba inayofanyika nchi moja na kuleta matatizo nchi nyingine lazima iambatane na maandishi kamili na mtu wa kuwajibika. Wauzaji wa safari hizo hawayatoi maandishi hayo kwa hiari, na wateja hawayadai, kwa sababu pande zote mbili zimeamini kwamba kazi inaishia uwanja wa ndege.

Kwa hiyo mtu wa kibarazani anayesema "kapita mkato" na mfanyabiashara anayesema "njoo upungue kwa saa moja" wanahubiri dini moja. Mmoja anadhihaki, mwingine anatabasamu. Mafundisho yao ni yale yale, kwamba baada ya kisu hakuna kitu. Ninawapinga wote wawili kwa pumzi moja.

Kinachotakiwa hakina siri. Miongozo ya Uingereza inataka mgonjwa awe chini ya kliniki ya upasuaji huu kwa angalau miaka miwili, kisha apimwe kila mwaka maisha yake yote. Hospitali zetu zinazoanza kutoa huduma hii zianze na sharti hilo hilo: asifanyiwe mtu upasuaji kabla ya kukabidhiwa ratiba ya vipimo, bei ya dawa za kila mwaka, na namba ya simu inayopokelewa. Mtaalamu wa lishe na mshauri wa afya ya akili wawemo kabla na baada, wala wasiwe pambo la tangazo. Wizara za afya zitake orodha ya waliofanyiwa, ili tujue wanaendeleaje mwaka wa kumi hapa hapa Afrika Mashariki, kwenye vyakula vyetu na vipato vyetu. Matabibu na manesi wa zahanati waongeze swali moja kwenye yale wanayouliza kila siku: umewahi kupasuliwa tumbo ili kupunguza uzito? Wauza dawa wajue kwa nini huyu mama hataki diklofenaki.

Anayekwenda nje adai ripoti kamili ya upasuaji, iliyoandikwa ni wa aina gani, na atafute daktari wa kumfuatilia nyumbani kabla hajapanda ndege. Aliyekwisha kufanyiwa atembee na kadi kwenye pochi inayosema hivyo, apime damu kila mwaka hata akijisikia mzima, na asiwe na haya ya kusema. Mume, mama mkwe, dada, wifi: mpakulieni kidogo, msimhoji, na kwenye bajeti ya nyumba vitamini zake ziwekwe pamoja na unga na mafuta ya taa, kwa sababu nazo ni za kila mwezi.

Na wewe uliyezoea kubetua mdomo, achana na tabia hiyo leo. Huyo unayemcheka alichagua matibabu yasiyo na siku ya mwisho, na anayatekeleza kila anapoinua kijiko. Kama huwezi kumsaidia kuyabeba, usimfanye ayafiche, kwa maana kuficha ndiko kunakoua.